UZI: Maneno ya kadi ya harusi ya jinsia moja, kwa wabunifu wa kadi Dar wenye oda za nje

MezaYaPrufu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za kazi.

Uzi huu ni wa watengeneza kadi na wale wanaoandika maneno ya kadi kwa niaba ya maharusi. Watanzania walioko Afrika Kusini, Uholanzi, Uingereza na Kanada wanaagiza maneno ya kadi huku nyumbani kwa sababu wanataka Kiswahili kilichonyooka, na baadhi ya oda hizo ni za mabibi harusi wawili au mabwana harusi wawili. Ndoa inafungwa kule ambako sheria inaitambua. Lakini kadi inasomwa na mama mzazi, shangazi, mashemeji na marafiki wanaoongea Kiswahili, kwa hiyo kuchukua kadi ya Kiingereza na kuitafsiri mstari kwa mstari hakutoshi.

Kikwazo ni mazoea yetu. Kadi ya Dar imejengwa juu ya pande mbili zisizofanana: upande wa mume unatoa kadi ya harusi, upande wa mke unatoa kadi ya sendofu, na kila sentensi inafuata mgawanyo huo. Mbunifu anafungua faili la zamani, anabadilisha majina, anatuma prufu (nakala ya kukaguliwa kabla ya kuchapa). Inatoka kadi inayosema "Neema atamuoa Zawadi", na Zawadi anauliza nani kaamua kwamba yeye ndiye wa kuolewa. (Majina yote humu ni ya mfano tu.)

Anza na kitenzi, maana ndicho kinachogawa nafasi. "Kuoa" na "kuolewa" viwekwe pembeni kabisa. Tumia "kufunga ndoa", "kuoana" au "kufunga pingu za maisha". Vyote vitatu vinabeba watu wawili kwa uzito mmoja, na vimo kwenye kadi zetu siku zote, kwa hiyo hakuna msomaji atakayeona ugeni. Ila angalia muundo wa sentensi. "Neema na Zawadi wanafunga ndoa" ni sawa. "Neema anafunga ndoa na Zawadi" bado inamweka Neema kuwa mwenye shughuli na Zawadi kuwa wa kuletwa. Hiyo iache kwa kadi inayotolewa na familia ya Neema peke yake.

"Kuoza" na "kuozesha" ni vitenzi vya wazazi. "Tunamuoza binti yetu" maana yake binti anatoka nyumba moja kwenda nyingine. Kama familia zote mbili zinataka kuvitumia, viwahusu wote wawili: "tunawaozesha binti zetu wapendwa". Kama ni familia moja tu inayotaka, shauri iachwe.

Kwenye vyeo, neno "maharusi" linafanya kazi karibu kila mahali: kichwa cha kadi, ratiba, kibao cha meza kuu. Wakitaka jinsia ionekane, andika "mabibi harusi" au "mabwana harusi". Usiandike kamwe "bibi harusi wa kwanza" na "bibi harusi wa pili". Kwa msomaji wa hapa hesabu hiyo ni ya mitala. "Bibi harusi na mwenzake" nayo inamfanya mmoja kuwa kiambatisho. Na badala ya "besti meni" na "matroni", andika "wasimamizi", kwa sababu mara nyingi jinsia za wasimamizi hazitafuata mpangilio tuliouzoea.

Jambo jema ni kwamba lugha yetu haimlazimishi mwandishi kuchagua "yeye" wa kike au wa kiume. "Mtoto wao mpendwa" linamfaa yeyote. "Kijana wao" husomwa kuwa ni mtoto wa kiume na "binti yao" wa kike, basi yatumieni mara mbili kwa usawa, au chukueni "watoto wetu" mkamaliza.

DadaWaBahasha

Asante sana mkuu. Ninaomba mwongozo kwenye mstari wa mwenyeji. Mara nyingi mama ameridhia, baba hajaridhia. Au familia moja iko mbele kabisa na nyingine haitaki hata kutajwa. Mstari wa kwanza unaandikwaje?

KalamuSinza

Dada, hapo pana kanuni isiyo na mjadala: jina la mzazi halichapwi mpaka mzazi mwenyewe akubali, na kibali kitoke kwake moja kwa moja. Maharusi wakisema "baba hana shida", mwombe mmoja wao amtumie baba prufu na akuoneshe jibu. Jina lililochapwa bila ridhaa haliwezi kufutwa. Kadi ikishafika kwa baba mkubwa, imefika.

Ukishajua nani ameridhia, chagua mwenyeji hivi.

Wote wameridhia: familia mbili zinaalika kwa pamoja, kwenye kadi moja. Msigawanye kadi ya upande huu na kadi ya upande ule, kwa sababu hakuna upande wa kuagwa na upande wa kupokea. Sarufi: "Familia ya Bw. na Bi. ... na Familia ya Bi. ... zina furaha kukualika", na wala si "anayo furaha".

Hakuna aliyeridhia, au majibu hayajaeleweka: maharusi wanaalika wenyewe. "Sisi, Neema na Zawadi, tuna furaha kubwa kukualika..." Hii ni kadi kamili na ya heshima. Wasione kwamba imepungukiwa.

Upande mmoja tu umeridhia: hapa ndipo kadi nyingi zinapoumiza. Ukiandika wazazi wa Neema kwa majina na upande wa Zawadi ukaacha mtupu, kila msomaji ataliona pengo na ataanza kuuliza. Ninachoshauri ni kuwatoa wazazi wote kwenye mstari wa kwanza, maharusi waalike wenyewe, kisha wazazi walioridhia watambuliwe kwenye ratiba ya siku yenyewe na kupewa nafasi ya kuzungumza. Wapo wanaotumia "pamoja na familia zao" ili kufunika pengo. Hiyo ni ahadi kwamba familia zote mbili zitakuwepo. Kama siyo kweli, andika "pamoja na ndugu na marafiki".

Mama peke yake ameridhia: aandikwe kwa jina lake mwenyewe, "Bi. ... wa Kijitonyama". Ukiandika "Bi." likafuatiwa na jina la mumewe, umemwingiza baba kwa mlango wa nyuma.

Mjomba, shangazi au baba mdogo anaweza kusimama kama mwenyeji pale wazazi hawapo, kama tunavyofanya kwenye harusi yoyote, ila uhusiano utajwe: "mjomba wa Neema". Marehemu haaliki, anatajwa ndani: "Neema, binti wa marehemu...".

Kuhusu nani atangulie, alfabeti ya jina la kwanza inamaliza ubishi, mradi ufuate mpangilio huohuo kwenye kadi, bahasha, ratiba na kibao cha meza. Kwa kadi ya kukunjwa kuna njia nzuri zaidi: jalada liandikwe Neema na Zawadi, ndani iandikwe Zawadi na Neema. Ukubwa wa herufi uwe sawa kwa wote. Jina moja likiwa refu, yapange moja juu ya jingine kuliko kulibana refu.

MkaziTemeke

Hapa kwetu sheria hairuhusu jambo hili na dini zetu hazikubali. Kwa nini tufundishane kuliandikia kadi?

MezaYaPrufu

Ndugu yangu, kuhusu sheria uko sahihi na ni vizuri imetajwa. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 9, inaeleza ndoa kuwa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 154, inatoa kifungo cha maisha, na kisichopungua miaka 30, kwa kile inachokiita makosa ya kinyume cha maumbile. Ndiyo maana tangu mwanzo tumesema sherehe zinafungwa nje.

Lakini hawa ni watoto wa watu, wana wazazi na ndugu hapa mjini, na wanastahili kuandikiwa kwa heshima. Mgeni naye anastahili kujua kwa uwazi anaalikwa kwenye nini, wapi, na nani, kabla hajakata tiketi. Tena ukali wa sheria hiyo ndio unaotudai umakini: kadi iliyozagaa hovyo inaweza kumletea matatizo mtu aliyeko Dar ambaye kosa lake ni kupokea mwaliko.

BahariYaKaratasi

Niendelee hapo kwenye kuzagaa, maana ndiko nilikobobea, kwenye uchapaji.

Gawa mwaliko katika hatua mbili. Hatua ya kwanza ni kadi ya taarifa: majina ya kwanza tu, mji, na tarehe. Hatua ya pili, yenye ukumbi, saa na ratiba, inamfikia yule aliyejibu kwamba atafika. Kadi ya taarifa isibebe jina la ukoo, picha ya maharusi, jina la mwajiri, wala vyeo kama Mchungaji, Alhaji au Mheshimiwa vya mtu yeyote ambaye hajaombwa.

Kadi ya WhatsApp itumwe kwa mtu mmoja mmoja, kamwe kwenye grupu la ukoo. Jina la faili nalo linasema: faili lililoitwa "harusi_neema_zawadi_mwisho" linaonekana kwenye simu ya mpokeaji hata kabla hajalifungua. Liite "mwaliko" basi. Kabla ya kutoa PDF, fungua sifa za faili ufute jina la mwandishi na maelezo, kwa sababu programu za ubunifu huweka jina la mwenye kompyuta humo. Na kama kadi ina alama ya mraba ya kuskani, ukurasa inaofungua uwe na neno la siri. Bila hilo yeyote aliyepata picha ya kadi anaingia.

Kwenye uchapaji wa karatasi, watu wanasahau mabaki. Mashine ya ofseti, ile inayochapa kwa bamba, inapoteza karatasi kadhaa mpaka rangi itulie, na karatasi hizo zina majina kamili. Zinaishia kufungia bidhaa au kutupwa nje ya duka. Kwa idadi ndogo chapa kwa mashine ya kidijitali, ambayo haina bamba la kuchoma na haitoi mabaki mengi. Dai karatasi zote zilizoharibika pamoja na kadi za ziada, na hakikisha faili limefutwa kwenye kompyuta ya duka na kwenye flashi. Kama maharusi wana wasiwasi zaidi, maneno yaandikwe Dar na uchapaji ufanyike hukohuko waliko. Watumie PDF yenye ziada ya kukatia ya milimita 3 kila upande, picha za nukta 300 kwa inchi, na fonti zilizofungwa ndani ya faili.

TareheNaMuhuri

Wengi hapa mnazungumzia Kiswahili, na ni sawa, lakini kadi ikisema jambo ambalo sheria ya kule haifanyi, mgeni anafika kwenye kitu kingine. Uliza kwanza: ni nchi gani, na ni tendo gani hasa linafanyika siku hiyo?

Afrika Kusini inatumia Sheria ya Muungano wa Kiraia, namba 17 ya 2006, iliyoanza tarehe 30 Novemba 2006. Chini yake wawili wanachagua muungano wao uitwe ndoa au ubia wa kiraia. Usijaze "ndoa" kwa mazoea. Waulize wamechagua lipi.

Uholanzi ilikuwa nchi ya kwanza kufungua ndoa kwa watu wa jinsia moja, tarehe 1 Aprili 2001, na bado ina ubia uliosajiliwa, ulioanza 1998. Kule taarifa ya kutaka kufunga ndoa hutolewa angalau wiki 2 kabla, na mashahidi ni 2 hadi 4. Kama mashahidi watatajwa kwenye ratiba, usiwachanganye na wasimamizi. Shahidi anatia saini, msimamizi si lazima. Pia wapo wanaotia saini manispaa siku ya kazi, halafu sherehe inakuja wiki nyingine. Ikiwa hivyo, kadi isiseme "sherehe ya kufunga ndoa". Iseme "wanakualika kusherehekea ndoa yao". Mama aliyesafiri kutoka Dar akitegemea kusikia viapo, akakuta viapo vilishaapwa, ataumia, na hilo ni kosa la mwandishi wa kadi.

England na Wales ndoa hizi zilianza kufungwa tarehe 29 Machi 2014. Taarifa inatolewa kwa msajili na kuna kusubiri siku 28, na wanaohusika na masuala ya uhamiaji wanaweza kuongezewa mpaka siku 70. Kwa hiyo usichape tarehe kabla msajili hajaithibitisha. Jingine ambalo linatukamata sisi wapenda mistari ya Biblia: sherehe ya kiserikali kule haina maudhui ya dini. Hakuna sala, hakuna wimbo wa kanisani. Kadi inayosema "ibada ya ndoa" au "misa" kwa tukio la ofisi ya msajili inadanganya. Kanisa la England halifungishi ndoa hizi, ingawa yapo madhehebu mengine, kama Wakweka (Quakers), yanayozifungisha. Sala na baraka za wazee zipangwe kwenye chakula cha jioni na ziandikwe huko.

Wakitaka aya ya Maandiko juu ya kadi, soma aya nzima kwanza. Mwanzo 2:24 inataja mwanamume na mkewe, haitakaa. Mhubiri 4:9 inazungumzia uzuri wa kuwa wawili, na inakaa vizuri. Ruthu 1:16 ni maneno ya mwanamke kwa mwanamke, mkwe kwa mkwe, na wengi huipenda.

MamaKamati

Nashukuru kwa uzi huu. Upande wa wageni wanaosafiri: kadi ya harusi haitoshi kwa viza. Ubalozi unataka barua ya mwaliko yenye jina kamili la mwenyeji, anwani, tarehe za kukaa na uhusiano. Mnawashauri maharusi waiandike lini?

TareheNaMuhuri

Dada, barua hiyo iende pamoja na hatua ya pili ya mwaliko, kwa wale tu waliothibitisha. Kwa nchi za Schengen (nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja, Uholanzi ikiwemo) ombi linapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na lisichelewe zaidi ya siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida ni siku 15, unaweza kufika 45. Ukipiga hesabu kinyumenyume, kadi ya taarifa itoke miezi 6 mpaka 7 kabla, na mwisho wa kuthibitisha uwe wiki 10 kabla. Wiki 4 tulizozoea kwa ukumbi wa Sinza au Mbezi hazimtoshi mgeni wa viza.

Tena barua hiyo inaingia kwenye faili la mwombaji. Iandike kwa ukweli, na mgeni aijue kila neno lililomo, maana ataulizwa kuhusu mwenyeji wake.

KalamuSinza

Naweka mifano miwili muikosoe. Wa kwanza, maharusi wanaalika wenyewe na familia zote mbili zitakuwepo:

*Neema na Zawadi*
*pamoja na familia zao*
*wanayo furaha kubwa kukualika*
*Mpendwa ..........................*
*kwenye sherehe ya kufunga ndoa yao*
*Jumamosi, tarehe 14 Novemba 2026*
*Cape Town, Afrika Kusini*
*saa 9:00 alasiri*
*Chakula cha jioni na muziki vitafuata*
*Tafadhali thibitisha kabla ya tarehe 5 Septemba 2026*

Wa pili, familia zinaalika:

*Familia ya Bw. na Bi. ............ wa Mbezi, Dar es Salaam*
*na*
*Familia ya Bi. ............ wa Arusha*
*zina furaha kukualika*
*Mpendwa ..........................*
*katika harusi ya watoto wao wapendwa*
*Daudi na Juma*
*watakaofunga pingu za maisha ...*

MezaYaPrufu

Mkuu KalamuSinza, hongera, mistari imetulia. Nimependa ulivyofuta "Bw/Bi/Bw na Bi" kwenye nafasi ya mgeni. Kadi nyingi za dukani zimechapwa hivyo tayari, na kati ya wageni wa harusi hii watakuwepo wapenzi wengine wa jinsia moja. "Mpendwa" linampokea kila mtu.

Nina marekebisho kwenye saa tu. "Saa 9:00 alasiri" mtu wa Dar anaielewa, rafiki wa Cape Town anayejua Kiswahili cha darasani ataiona ni saa tatu asubuhi. Andika "saa 9:00 alasiri (15:00) kwa saa za Cape Town". Na kama kuna watakaofuatilia kwa video kutoka huku, waandikie saa yao: Cape Town iko nyuma yetu kwa saa 1, kwa hiyo 15:00 ya kule ni saa 10:00 jioni hapa. Uholanzi inabadilika: majira ya joto iko nyuma kwa saa 1, majira ya baridi saa 2. England ni saa 2, na saa 3 wakati wa baridi. Saa zao hurudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, basi harusi ya Novemba ya Uholanzi au England ukiihesabu kwa saa za Agosti umewakalisha watu saa nzima wakisubiri viapo.

FundiMpangilio

Niongeze ya mpangilio, kwa ufupi maana ni ya kiufundi.

Kadi ya lugha mbili isipangwe mstari wa Kiswahili, mstari wa Kiingereza. Macho yanachoka na majina yanajirudia mno. Kiswahili upande mmoja, Kiingereza upande wa pili. A5 iliyokunjwa kutoka A4, karatasi ya gramu 300, inaingia bahasha ya C5 na inatosha lugha zote mbili. Kadi ya inchi 5 kwa 7 inapendeza, lakini Kiswahili chenye wenyeji wawili kitabanwa.

Zima ukataji wa maneno wa programu. Programu iliyowekwa Kiingereza inakata "itakayofanyika" mahali popote inapojisikia, na msomaji anakwama. Maneno yetu ni marefu. Vunja mstari mwenyewe kwa mkono, kabla ya "katika", "kwenye" au "pamoja na". "Bi." na jina lake visitengane mwisho wa mstari.

Fonti za mwandiko zinapendwa kwa majina, lakini jaribu jina lote kwanza. Mmoja wa maharusi akiwa na jina la Kiholanzi au Kifaransa lenye ë au ç, fonti nyingi za bure hazina herufi hiyo na linatoka sanduku tupu. Alama za mapambo nazo: faili za kadi za dukani zina mchoro wa gauni na suti. Utoe. Pete mbili, maua, au kitenge pembezoni vinatosha, na pete ziwe za ukubwa mmoja.

Prufu isomwe na maharusi wote wawili, kila mmoja kivyake, na kila mmoja ajibu kwa maandishi. Akijibu mmoja kwa niaba ya wote, bado hujapata kibali.

MamaKamati

Na michango? Kwetu kadi inafuata mchango. Kuna single, kuna double. Mnaandikaje kwenye harusi ya namna hii?

BahariYaKaratasi

Kwanza, namba ya mchango isichapwe kwenye kadi. Iwe kwenye karatasi ndogo tofauti au ujumbe wa peke yake, kwa wale ambao maharusi wanajua wanataka kuchangia. Mtu anapotuma pesa kwa simu, jina lililosajiliwa kwenye namba ya mpokeaji linatokea, kwa hiyo mhazini awe mtu aliyekubali jina lake lionekane kwa wachangiaji wote.

Pili, ile orodha ya "waliotoa na walioahidi" inayobandikwa kwenye grupu kila jioni isiwepo kabisa. Ni orodha ya majina kamili ya watu walioko Dar, na mtu mmoja akiipiga picha imetoka. Mhazini amjibu kila mchangiaji peke yake: "Mchango wako umefika, maharusi wanashukuru." Inatosha.

Tatu, maneno. "Mchango wako wa hiari utapokelewa kwa shukrani" ni ya adabu. Usifunge mwaliko na kiasi, kwa sababu mgeni wa nje ya nchi tayari anabeba nauli. "Single" na "double" zigeuzwe: "Mwaliko huu ni wa mtu mmoja" au "ni wa wewe na mwenza wako". Kama mwenza anajulikana, jina lake liandikwe; mtu anayeitwa "mwenza" wakati jina lake linajulikana anajisikia hajakubaliwa.

DadaWaBahasha

Sendofu na kicheni pati je? Kuna mabibi harusi wanaozitaka zote.

KalamuSinza

Wakizitaka wafanyiwe, kulekule nje. Kicheni pati inaweza kuwa moja ya wote wawili: "Sherehe ya kuwafunda maharusi wetu". Ila mwambie somo mapema, kwa sababu mafundisho ya kicheni pati yamepangwa kwa mwenye kwenda kwa mume, na kadi haiwezi kurekebisha kitakachosemwa ukumbini.

Sendofu inaaga mtu anayetoka kwao. Hapa anaweza kuagwa kila mmoja na familia yake, kwa kadi mbili zenye maneno yaleyale, "sherehe ya kumuaga binti yetu". Kuagwa mmoja tu kunarudisha mgawanyo ule ule tuliokuwa tukiuondoa kwenye kitenzi. Mahari nayo, hata kama familia zimekubaliana kitu kati yao, haitajwi kwenye kadi.

DadaWaBahasha

Swali langu la mwisho. Kadi zimeshachapwa maharusi wakiwa wenyeji, halafu wiki tatu kabla baba anasema naye anataka kualika. Tunachapa upya zote?

FundiMpangilio

Hapana dada. Kwa oda za namna hii panga tangu mwanzo jalada na karatasi ya ndani viwe vitu viwili. Jalada gramu 300, lina majina ya maharusi na tarehe tu. Ndani ni karatasi nyepesi, gramu 120, imeshikwa kwa utepe au tone la gundi kwenye mkunjo, na ndiyo yenye mstari wa mwenyeji. Baba akija, unachapa ya ndani peke yake kwa kadi ambazo hazijatoka. Kwa zilizokwisha kutumwa, maharusi wamtumie kila mgeni ujumbe wenye mstari mpya, jina la baba likiwa limeandikwa vile anavyotaka yeye, na mwombe baba asome mstari huo kabla haujaondoka.